Mtoto Aliyetema Ndizi

Nchi ya Kyela, ukimrusha mtoto juu, akidondoka ataangukia kitu kitamu. Kama si mgomba ni mwembe, kama si mwembe ni muwa, na ikiwa msimu wa kakao ataangukia rundo la mbegu mbichi zenye ule ute mweupe ambao watoto wa Bujonde huunyonya mpaka midomo inang'aa. Sasa ugonjwa nao una vituko vyake. Ulizipita nchi zote kavu, za mawe na michongoma, ukaja kuchagua huku huku, ukaingia nyumbani kwa Ambwene na mkewe Asifiwe, ukamkalia Kisa, mtoto wa kike ambaye hata miaka miwili alikuwa hajatimiza. Kisa alikuwa hawezi tamu.

"Hataki au hawezi?" aliuliza mama mmoja wa kwaya, aliyekuja kuwajulia hali na ndizi mbivu mkononi, imeshamenywa.

"Hawezi," akasema Asifiwe. "Daktari wa Mbeya amekataza. Ndizi mbivu, embe, asali, muwa, soda, sukari. Vyote."

"Na maji? Maji amewaachia?"

Wanawake aliokuja nao wakacheka. Asifiwe naye akacheka kidogo, maana ukiwa umeolewa ugenini ukakataa kucheka unaitwa mwenye kiburi. Mama wa kwaya akamsogezea Kisa ndizi mdomoni, kwa utani wa kujaribu. Mtoto akabana midomo kama mlango wa benki siku ya Jumapili, na kidogo kilichopenya akakitema kwenye kitenge cha mgeni.

"Mtoto wa Mnyakyusa anatema ndizi," akasema mama wa kwaya, akijifuta. "Hii damu ya ziwani hii."

Asifiwe alikuwa Mkisi wa Matema, kando ya ziwa, binti wa Felista mfinyanzi, ambaye vyungu vyake vinauzwa mpaka Kyela mjini. Neno "ziwani" alilisikia tangu alipoolewa. Wali ukiungua ni ziwani, mvua ikichelewa ni ziwani. Mwanawe wa kwanza, Jubilate, alipofariki hata kukimbia hajajua, wakasema maziwa ya ziwani yamemchachia mama yake kifuani. Aliyameza hayo. Lakini sasa alikuwa na Kisa, na Kisa tangu aachishwe vitamu alikuwa mzima. Macho ya manjano yalikwisha, kutapika kulikwisha, akawa anakula wali na samaki kama mzee wa baraza. Asifiwe alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, kwamba mtoto huyu asitoke mikononi mwake. Mikono mingine yote ya kijiji ilikuwa na ndizi.

Mtu mmoja tu hakucheka siku ile. Mama Ambwene, mama mkwe, Prisca jina lake la ubatizo, alikuwa anachambua mchele pembeni. Aliinuka, akaiokota ile ndizi, akaitupia nguruwe, akarudi kwenye ungo wake bila kusema neno.

*

Damu zao watatu, baba, mama na mtoto, zilichukuliwa Mbeya tangu mvua za mwaka uliopita. Daktari Hanifa, binti wa pwani mwenye sauti ya taratibu, aliwaambia kwamba dawa ya Kisa ameshaijua, nayo ni kumwepusha na tamu. Alichotaka ni chanzo, yale maelekezo ya mwili ambayo mtu anazaliwa nayo, ajue ni wapi palipokosewa. Wakipajua, mtoto mwingine akizaliwa hatasubiriwa mpaka awe wa manjano.

"Kwenye koo zenu," aliuliza siku ile, "kuna mtu asiyegusa vitu vitamu? Hata mtu mzima. Hata mnayemwona ana maringo tu."

Asifiwe akafikiri. Baba yake alikuwa akitia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Mama yake akipita shamba la miwa ya mtu huwa halipiti hivi hivi. "Kwetu hakuna, daktari."

Ambwene alikuwa anatazama dirisha. "Kwetu pia hakuna," akasema.

Majibu yalipopatikana, Ambwene alisema nauli ya watu wawili ya nini, akaenda peke yake. Jioni alirudi, akakaa kwenye kigoda cha nje bila kuvua viatu.

"Wamesemaje, baba Kisa?"

"Wameona."

"Wameona nini?"

Aliomba maji, akanawa mikono muda mrefu, ungedhani ametoka kuchinja. "Ni wa kurithi. Umetoka upande wako."

"Upande wangu tu?"

"Mimi si daktari, mama Kisa. Nakuambia nilichoambiwa."

Kesho yake, kabla hata uji haujaiva, uwanja mzima ulikuwa unajua. Ambwene akampigia simu baba mkwe wake Matema, akaweka sauti kubwa ili ndugu zake wasikie, akamwambia mzee wa watu kwamba damu ya nyumba yake ina kasoro, na kasoro hiyo ndiyo iliyomzika Jubilate. Asifiwe alikuwa jikoni. Alimsikia baba yake, mtu anayebishana hata na mbuzi, akijibu kwa sauti ndogo, "Haya, mwanangu. Tusameheni."

Haraka yote hiyo ilikuwa na sababu, nayo iliitwa Beatrice. Mdogo wake Ambwene huyo alikuwa ameposwa na kijana wa Kasumulu anayepitisha mizigo ya wafanyabiashara mpakani, kijana mwenye nyumba ya bati jekundu na wazazi wadadisi. Wazazi hao walikuwa wameanza kuuliza, huyo mtoto wa kaka yake anaumwa nini, na kwa nini wa kwanza alikufa. Sasa jibu lilipatikana, safi, limefuliwa na kupigwa pasi: mgonjwa ni mama yake, sisi hatumo.

Baba mdogo Ambrose, msemaji wa ukoo, akaitisha kikao Jumamosi. Habari zilimfikia Asifiwe kupitia kwa Beatrice mwenyewe, aliyekuja kuazima kikaango.

"Wifi, nisikufiche. Wanasema urudi kwenu upumzike."

"Nimechoka nini mpaka nipumzike?"

"Ndivyo wanavyosema wakubwa. Upumzike."

"Na Kisa?"

Beatrice akageuza kikaango, akakitazama tako kama anakinunua. "Kisa ni mtoto wa ng'ombe za mahari aliyotoa baba. Anabaki. Tutamlea, wifi. Tutamlisha."

Hilo neno la mwisho lilimwingia Asifiwe kama maji ya baridi mgongoni. Watamlisha.

*

Ijumaa simu yake ndogo ya tochi iliita akiwa anaanua mpunga.

"Mama Kisa? Hanifa hapa, wa Mbeya. Nimekupigia kujua mtoto anaendeleaje. Mumeo alikuelewesha vizuri?"

"Alinielewesha, daktari. Kwamba umetoka kwangu."

"Hapana. Ngoja nikueleze mwenyewe, usinichoke. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo yale, moja ya baba, moja ya mama. Ukiwa na moja nzima inakutosha, unakula ndizi zako maisha yako yote. Wewe unayo moja iliyokosewa. Mumeo naye anayo moja iliyokosewa. Kisa amepokea zile mbili za makosa, ndiyo maana ini lake haliwezi kushughulika na ile sukari. Ingekuwa ni yako peke yake, Kisa asingeumwa. Ugonjwa huu hauna mzazi mmoja, mama. Na hakuna aliyetenda kosa."

Asifiwe akakaa chini palepale, juu ya mpunga. "Ulimwambia hivyo mume wangu?"

"Mara mbili, kwa Kiswahili hiki hiki. Tena yeye ndiye aliyenisaidia, siku alipokuja peke yake akanieleza habari za baba yake."

"Baba yake ana nini?"

"Si ndiye asiyegusa sukari tangu utoto? Chai ya chumvi, meno yote mdomoni uzeeni? Nilimwambia mzee aje tumpime, nadhani anao huo huo wa Kisa, ameishi kwa kuuchukia utamu tu. Na kama anao, basi watoto wake wote wamebeba nakala moja. Mama Kisa? Unanisikia?"

Alikuwa anasikia. Msomaji wa mbali atashangaa, mtu ameishi uwanja mmoja na mkwewe miaka yote asijue chai yake? Ajue Unyakyusa. Mke na baba mkwe hawaonani. Wenyewe tunaita kutila. Mzee akija njia hii, mke anaingia kwenye kakao. Mzee akiketi sebuleni, mke anakaa nyuma ya mlango, amegeuka ukutani. Siku hizi wa mjini wameacha, wengine wanapakizana hata pikipiki moja na wakwe zao, lakini mkwewe, Mzee Anyisile, alikuwa wa zamani na Asifiwe alikuwa na adabu. Visigino vya mkwewe angevitambua hata sokoni. Uso wake, akitabasamu, hajawahi kuuona. Chakula chake kilipikwa na kupelekwa na Mama Ambwene, mkono mmoja, bila msaidizi, na watu walimsifu kwa hilo kanisani: mke anayemhudumia mumewe mwenyewe.

Kumbe zile zilikuwa ni chai za chumvi.

"Ndaga, daktari," akasema Asifiwe. "Asante. Umenisaidia kuliko unavyojua."

Ambwene aliporudi shambani, mkewe hakumwuliza kitu. Alimwandalia wali, akamtazama akila, tonge baada ya tonge. Mtu huyu alilala naye kitanda kimoja siku Jubilate alipozikwa, akamshika mkono. Alimtazama mpaka yeye mwenyewe akauliza, "Vipi, kuna nzi usoni?"

"Hakuna, baba Kisa. Kula."

*

Jumamosi wakubwa walijaa sebuleni kwa Mzee Anyisile. Asifiwe alikaa nyuma ya mlango wa jikoni, uso ukutani, Kisa mgongoni. Mzigo wake alishaufunga asubuhi, ukawekwa mlangoni, kila anayeingia akaona jinsi mwanamke wa ziwani alivyo mtiifu.

"Hatumfukuzi," baba mdogo Ambrose alikuwa anasema. "Neno kufukuza tusilitumie. Tunampumzisha. Nyumba ikivuja, huwezi kuweka godoro jipya chini yake. Damu imepimwa na mashine, si mimi niliyeipima. Mtoto abaki, ale kama watoto wengine, haya ya kunyimwa ndizi yaishe."

"Ni kweli," zikasema sauti mbili tatu.

"Ambwene, una neno?"

"Sina, baba."

Ukutani pale palikuwa na mjusi. Asifiwe alimtazama, mjusi naye akamtazama, akaona hana la kumsaidia, akapanda zake. Basi akamimina chai. Vikombe vyote vikawa tayari kwenye sinia, akamwita Beatrice mlangoni, na akapandisha sauti kama anayeuza dagaa.

"Wifi, hicho chenye maua ya bluu ni cha baba. Leo ni siku yangu ya mwisho, nimemwandalia mwenyewe kwa heshima. Nimemtilia sukari vijiko vitatu vilivyojaa, na juu yake asali."

Beatrice akaenda na sinia. Kwanza zilisikika "asante" na "ndaga". Kisha kigoda kikaanguka. Kisha sauti ya Mama Ambwene, ambayo nyumba ile haijawahi kuisikia ikipanda.

"Usinywe! Lete hapa hicho kikombe!"

"Mama Ambwene, kuna nini?" akauliza Ambrose.

"Lete, nimesema. Anataka kumwua. Sukari inamwua huyu, hajui? Mara ya mwisho, kwenye harusi moja, alilala siku nzima hajitambui."

Hata wanaokunywa kwa kuvuta walishusha vikombe. Nyuma ya mlango Kisa alikuwa anachezea sikio la mama yake.

"Kumbe unajua, mama," akasema Asifiwe, bado amegeukia ukuta.

Ambrose, mtu asiyeweza kuona chai ikipoa, alikichukua kile kikombe cha maua na kukionja. Akaonja tena. "Mbona haina sukari? Haina hata chembe."

"Haina, baba mdogo. Mimi simwui mzazi wangu. Nilitaka tu kujua nani humu ndani anajua kwamba inamwua."

Hapo ndipo Mzee Anyisile alipozungumza. Sauti yake ilikuwa nzito na haikuwa na haraka. "Ambwene. Huyo daktari alikuuliza habari zangu?"

"Baba..."

"Nimeuliza alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

Ambwene alikohoa. Ikabidi mkewe amjibie kutoka nyuma ya mlango, akayataja yote, nakala moja ya mama na moja ya baba, polepole, kama alivyopewa na daktari. Aliposema kwamba watoto wote wa mzee wamebeba, sinia ilimponyoka Beatrice.

"Nilitaka kukuambia, mama Kisa," Ambwene akasema. "Nilisubiri mambo ya Kasumulu yaishe. Ilikuwa ni kwa muda tu."

"Na mimi ungenirudisha baada ya harusi? Kama sufuria ya kuazima?"

Asifiwe hakuwa amemaliza, na swali alilokuwa nalo halikuwa la Ambwene. Alilibeba tangu jana kwenye mpunga.

"Mama. Msimu ule wa kakao, Jubilate ameanza kula. Mimi nikipasua maganda, wewe ukiwa kwenye mkeka pamoja naye. Watu wakawa wanampa mbegu anyonye anyamaze, na mimi pia nilimpa. Akawa anatapika, nampa tena. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulijua?"

Ambrose akaweka kikombe chini.

"Mara ya kwanza alipotapika nilijua," akasema Mama Ambwene. "Nilipoletwa hapa niliambiwa na mama yake huyu mzee, mambo ya mume wako yaishie jikoni. Yakaishia jikoni. Na Kisa mimi sijawahi kumpa tamu, hata siku moja, Mungu anaona. Ndizi zote anazopewa huwa nazitupia nguruwe."

"Nguruwe wamenenepa, mama," akasema Asifiwe. "Ungeniambia neno moja tu."

Aliinuka. Kwa mara ya kwanza alipita katikati ya sebule ile, kitenge kimefunika uso, akauchukua mzigo wake mlangoni.

"Sasa unakwenda wapi?" Ambrose akauliza, ameshikwa na haya. "Kikao hakijasema. Mambo yamebadilika, mama. Keti tuzungumze, utabaki hapa hapa na mwanao."

"Si mlisema nipumzike, baba mdogo? Nimeanza kuchoka."

Na Kisa alikuwa mgongoni. Hakuna aliyenyoosha mkono kumchukua.

*

Matema, chini ya milima ile, habari husafiri kwa maji na kwa barabara. Kabla Asifiwe hajafika, ile ya damu yenye kasoro ilikuwa imeshafika, imekula, imelala. Wanawake waliokuwa wakinunua vyungu vya Felista walikuwa wakivigonga mara mbili zaidi, kama kasoro ingeweza kuingia kwenye udongo. Baba yake alikuwa haendi tena kwenye mazungumzo ya jioni ufukoni. Asifiwe aliwaeleza wazazi wake ukweli wote. Wakamwamini. Lakini ukweli anaojisemea mtuhumiwa nyumbani kwake mwenyewe unanunuliwa na nani? Akatuma ujumbe mmoja tu Bujonde: ulisema kwa simu ya sauti kubwa, njoo useme kwa mdomo huo huo, hapa, watu wakisikia.

Ambwene akajibu atakuja wiki hiyo. Wiki ikapita, nyingine ikapita, akajibu mvua. Kisha akajibu magari.

Siku ya soko bodaboda moja ilisimama mbele ya vyungu, akateremka mzee mrefu mwenye koti zito la kanisani. Asifiwe, aliyekuwa akiwasha moto, aliona visigino, akajitupa ndani na kugeukia ukuta.

Mzee Anyisile hakuingia nyumbani. Aligeuza mgongo kwa mlango, adabu ni adabu, akasimama kati ya vyungu na kuwaelekea wanunuzi, wavuvi, na wazazi wa mkwewe, na akasalimia mpaka wote wakanyamaza. "Mugonile."

"Nimekuja kusema neno. Mimi naitwa Anyisile, wa Bujonde. Ugonjwa wa mjukuu wangu mimi ninao. Nimepimwa Mbeya, ninao. Mwanangu amepewa nusu na mimi, na binti wa nyumba hii alikuwa na nusu yake, kama ambavyo wengi mliosimama hapa hamjui mna nusu ya nini. Mlisikia kwamba damu ya hapa ni mbovu. Ulikuwa uongo, na ulitoka nyumbani kwangu. Waliokuwa wananunua vyungu, wanunue."

Mtu mmoja akacheka, siyo kwa ubaya. Baba yake Asifiwe alimwendea mzee, wakashikana mikono, na hawakuachiana upesi.

"Posa ya binti yangu imerudishwa," mzee akaongeza, kwa sauti ya chini, kwao wawili. "Kasumulu wamesikia. Nyumbani hapakaliki. Lakini nilisema nitakuja."

"Na mwenyewe?" Felista akauliza, mikono yake imejaa udongo. "Mkwe wangu yuko wapi?"

"Tulitoka pamoja. Kyela mjini akasema nitangulie, ana mtu wa kumwona, atakuja na gari la nyuma."

Wakamwekea mzee kiti kivulini mwa paa. Gari la nyuma lilikuja, likamwaga wenye matenga ya samaki na mwalimu mmoja. Jingine likaja, likaleta mabati. Baba yake Asifiwe alikuwa akiinuka kila mara likisimama, mpaka mkewe akamvuta shati aketi. Mzee Anyisile hakugeuka kutazama barabara hata mara moja. Alikuwa anamtazama Kisa, aliyesimama mbele yake, na Kisa anamtazama yeye, kila mmoja akimpima mwenzake.

Jua liliposogea, Felista akanawa udongo, akaingia ndani na kuchukua pishi ya mchele. "Nipike wa watu wangapi?" akamwuliza binti yake, ambaye bado alikuwa amegeukia ukuta.

Nje gari jingine lilikuwa linasimama. Asifiwe alisikia mlango wake ukifunguliwa na kufungwa.

"Wa kwetu na wa mzee," akasema. "Basi."